Mafuta Yaliyoshindwa Masika

Kwa miaka kumi na saba nililipwa mshahara wa kuyashuku mafuta. Karakana yetu ilikuwa Changamwe, nyuma ya barabara ya malori, na kazi yake ilikuwa kufufua transfoma zilizokufa: za viwandani, za mahoteli ya Shanzu, za pampu za maji. Ndani ya kila transfoma mna nyaya zilizozama katika mafuta kama muhogo katika tui, na mafuta hayo ndiyo yanayouzuia umeme usiruke kutoka waya huu hadi ule. Yakiwa safi na makavu, umeme hushika njia yake. Yakiingiwa na tone la maji, unyuzi wa pamba au vumbi la chuma, umeme hupata daraja, na hapo transfoma hupasuka kwa kishindo cha kuamsha mtaa. Mimi nilikuwa mpimaji. Hakuna pipa lililotoka getini bila sahihi yangu.

Nilikuwa na chumba changu kidogo chenye dirisha moja na mashine moja. Mashine yenyewe ilikuwa na kikombe cha kioo, na ndani ya kikombe vitufe viwili vya shaba vilitazamana, katikati yake nafasi ndogo kuliko unene wa penseli. Unamimina mafuta, unafunika, unangoja dakika tano mapovu yatoke, kisha unazungusha gurudumu polepole. Umeme unapanda na mshale unapanda nao. Mwisho wake mafuta hushindwa, cheche ya buluu huruka kati ya vitufe, na wewe unaandika mshale ulifika wapi. Yakifika volti elfu thelathini yamefaulu. Chini ya hapo hurudishwa kuchujwa. Tulirudia mara sita kwa kila chupa, maana kipimo kimoja huweza kusema uongo.

Zile dakika tano za kungoja ndizo zilizoniharibu tabia. Mtu akikaa kila siku akingoja kitu kimwoneshe ubovu wake, hatimaye huanza kuungoja ubovu wa kila mtu. Nikirudi nyumbani Likoni naitazama chai kabla ya kuinywa, nauliza sukari imenunuliwa wapi, namhesabia kondakta chenji mara mbili mbele ya uso wake. Mke wangu alikuwa akiniambia kwamba dhana nyingine ni dhambi. Nami nilimjibu kwamba dhana ndiyo inayotulisha humu ndani.

Aliyechuja mafuta alikuwa mtu wa bara, mrefu, mkimya, aliyekaa chumba cha kupanga huko huko Changamwe na mkewe na watoto wawili. Mtambo wake uliyapasha mafuta moto na kuyanyonya unyevu wote uliokuwamo. Yeye achuje, mimi nipime. Yeye mpishi, mimi mwonjaji. Hatukuwa marafiki wala maadui. Jumamosi alikunywa bia zake mbili tatu na hakunificha, nami sikumficha uso nilioukunja.

Sasa nieleze habari ya chupa, maana bila chupa hapana kisa. Zamani nilichukulia mafuta ya kupima kwa chupa za maabara zenye vizibo vya kioo. Zikavunjika moja moja, na mwenye karakana, ambaye ubahili wake ulikuwa maarufu toka Changamwe hadi Miritini, akatuma mtu kwa wauza chupa wa Kongowea. Likaja gunia zima la chupa za bia, zile za kahawia. Alikuwa na hoja yake: mwanga huyaharibu mafuta, na kioo cha kahawia huzuia mwanga. Sikuweza kuipinga. Lakini mimi nimelelewa na bibi ambaye hakuruhusu hata kizibo cha bia kiokotwe na mtoto kikaingia uani kwake. Kwangu chupa zile zilikuwa najisi, na kuzishika kila siku kabla ya kuswali adhuhuri kulinikera moyo.

Kitabu cha kazi kilisema chupa isuuzwe kwa mafuta yale yale yanayokwenda kupimwa, basi. Nilifanya hivyo. Ila kila asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, nilizipeleka chupa bombani nikaziosha kwa maji mara tatu, nikazipindua juu ya ubao zikauke juani. Sikumwambia mtu. Niliona ni jambo baina yangu na Mola wangu, na tena sikutaka maneno na wanywaji. Zikishakauka nazirudisha kabatini, na moyo unatulia.

Masika ya kwanza baada ya chupa hizo, mafuta yakaanza kuanguka. Nikitia kikombeni, mshale unafika kumi na nane, kumi na tano, cheche. Namrudishia mwenzangu, anachuja upya, naleta chupa nyingine, yanaanguka vile vile. Hoteli moja ilikuwa ikingoja transfoma yake, wageni wamekaa bila feni, na mwenye karakana akipita mlangoni kwangu kila saa kama mtu mwenye haja ya choo. Yule mchujaji alikuja chumbani kwangu mara moja, akasimama kizingitini na mikono yake iliyong'aa mafuta. Alisema ameyachuja mara tatu na ni makavu, hajui yanakosa nini. Nikamtazama mpaka akaondoka.

Nikawaza. Mafuta yaliyochujwa mara tatu yataangukaje? Jibu likaja lenyewe, nami nililipokea kama mgeni niliyemwalika: huyu hayachuji. Mazuri anayatoa nje, anatuletea mabovu. Bei ya pipa moja la mafuta mapya ilijulikana, na fununu za watu wanaonunua mafuta ya transfoma kwa siri zilijulikana pia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Alikuwa na baiskeli, na nyuma ya baiskeli alifunga mtungi wa plastiki wa lita ishirini. Kila jioni alitoka nao. Askari wa getini alimwacha apite kwa salamu tu, na hilo nalo nikaliweka moyoni: askari naye yumo. Jumamosi moja saa nane mchana nikamfuata kwa miguu, kofia nimeivuta hadi kwenye nyusi, mimi mtu mzima mwenye watoto shuleni. Hakwenda mbali. Aliingia ua wa nyumba za kupanga, akateremsha mtungi mlangoni pake, na mkewe akatoka na beseni. Akamimina. Yalikuwa maji. Miaka ile mabomba ya mtaa wao yalitoa hewa tu kwa wiki nzima, na bomba la karakana halikukauka. Yule mama akamwita mwanawe mdogo, akamsimamisha ndani ya beseni, akaanza kumwogesha.

Mtu mwingine angeona haya akarudi zake. Mimi nilisimama nyuma ya kibanda cha mkaa nikajiambia kwamba mwizi mjanja hubeba maji siku tisa ili siku ya kumi asitazamwe.

Mvua ikakatika, jua likarudi, mafuta yakafaulu miezi mfululizo. Nikasema: ameogopa. Masika ya pili yakaja, mafuta yakaanguka. Nikasema: amezoea. Ndivyo shaka ilivyo, haikosi chakula. Ukiipa uthibitisho inakula, ukiinyima inakula vile vile.

Siku moja baada ya chakula cha mchana mwenye karakana alitukusanya uani, watu wote kumi na wawili, akauliza kwa nini mteja mwingine amemtukana kwenye simu. Watu wakatazama chini. Nikasimama. Sikumtaja mtu jina, sikusema mwizi. Nilisema, "Kikulacho ki nguoni mwako, bwana," kisha nikamtazama mchujaji, na macho ya watu wote yakafuata yangu.

"Mimi sijaiba kitu, mzee," alisema.

Alinitazama mimi, si mwenye karakana. Kinywa chake kilifunguka tena kana kwamba lipo la pili, kisha akakifunga. Nilikiona kile kinywa kikifunga, na nikakihesabu kuwa ushahidi.

Alifukuzwa jioni ile ile. Getini askari aliambiwa apekue mfuko wake mbele yetu: sahani ya bati, shati, kopo la mafuta ya kujipaka. Kopo hilo lilifunguliwa likanuswa. Baada ya wiki chache nikasikia mkewe amechukua watoto akarudi kwao bara, kwa sababu majirani wa ule ua walianza kufunga milango ya jikoni kila alipopita. Nilisikitika kidogo, nisidanganye. Lakini nililala vizuri. Mchujaji mpya alikuja wakati mvua zimekwisha, mafuta yakafaulu, na mwenye karakana akanishika bega akaniita jicho lake.

Zilipoanza mvua za vuli mwaka ule ule, alikuja mwalimu wa chuo cha ufundi, kijana wa miwani mwenye mkoba uliojaa karatasi. Aliomba kutumia mashine yangu. Wiki moja kabla alikuwa amechukua mafuta yetu safi kutoka pipa moja lililochujwa, akaenda nayo chuoni, na sasa alikuwa ameyarudisha yakiwa meusi kama kahawa. Ndani yake alikuwa ametia chuma.

Nilidhani sikusikia sawasawa. Maisha yangu yote nimewafukuza watu wenye patasi na tupa wasikaribie mapipa, kwa ajili ya vumbi la chuma, na huyu amelitia kwa makusudi. Akanieleza kwa upole. Chuma hiki si cha kusagwa. Amekitengeneza kwa chumvi za chuma na amonia, chembe ndogo ajabu, hazionekani hata kwa hadubini ya maabara yao. Kila chembe ameivika asidi itokanayo na mafuta ya zeituni ili zisishikane zikazama. Nikaona afadhali humo ndani mna zeituni. Kisha akatoa kichupa chenye chembe hizo nyingi, nyeusi kama wino, kabla hazijachanganywa na mafuta yetu, akakisogezea sumaku. Wino ule ukainuka ukasimama miba miba kama tunda la shokishoki, ukaifuata sumaku ukutani mwa kioo. Nilisema audhubillahi bila kujijua, na tangu hapo sikuyaondoa macho yangu mikononi mwake.

Alitaka kulinganisha mafuta meusi na yale safi ya pipa lile lile. Nikaenda pipani na chupa yangu ya kahawia, nikaisuuza kwa mafuta kama kitabu kisemavyo, nikaijaza. Tukaanza na meusi. Nilizungusha gurudumu nikiwa nimekwisha kuandaa la kumwambia. Mshale ukapita ishirini. Ukapita thelathini, ukapita arobaini, na cheche ilipokuja ulikuwa arobaini na nane. Mara ya pili arobaini na saba. Tukarudia hadi sita, na hayakushuka. Tukaosha kikombe kwa petroli, tukakikausha, nikamimina mafuta yangu safi, meupe kama maji ya kisima. Kumi na saba.

Nilimtegemea afurahi. Hakufurahi. Alikunja uso, akavua miwani, akaifuta.

"Tofauti ni kubwa mno," alisema. "Haya yangu hayapaswi kuyazidi yako hivi. Ya kwako ndiyo yana kasoro."

Nilichemka. Moyoni nilisema ndiyo hila yake, ameingia na uchawi wa sumaku na sasa anatafuta pa kuusingizia. Akaomba achukue mafuta mwenyewe, kwa chupa yake. Nikamfuata hadi pipani, nimemkaribia hata pumzi zetu zinagongana, nione kama atadondosha kitu. Chupa yake ilikuwa ya kioo, imefungwa, imetoka katika tanuri ya chuo. Hakudondosha kitu. Tulirudi, tukapima. Arobaini na nne.

Pipa lile lile. Meusi katika chupa yake arobaini na nane, safi katika chupa yake arobaini na nne, safi katika chupa yangu kumi na saba. Namba zote tatu zilikuwa kwa mwandiko wangu.

Akainua chupa yangu, akaielekeza dirishani, akaizungusha. Akauliza huwa naziosha kwa kitu gani. Nikasema kwa mafuta, kama kitabu kisemavyo.

"Na kabla ya mafuta?"

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nje ya dirisha, chini ya ukingo wa paa, chupa zangu kumi zilikuwa zimepinduliwa ubaoni zikingoja jua ambalo hatukuliona kwa siku tatu. Nilikuwa nimezikung'uta asubuhi ile, nikaitazama moja, nikaiona kavu.

"Maji," nikasema.

Hakunilaumu. Alisema tu kwamba ukungu usioonekana, uliogandia kioo, unatosha kabisa kuangusha kikombe kizima. Alikuwa ananifundisha somo nililowafundisha mimi mafundi wote walioingia karakana ile. Hakuna mtu Changamwe aliyejua uadui wa maji na mafuta kuliko mimi. Nilijua jambo hili kwa kila mkono isipokuwa wangu. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimepanda juu ya mti nikiwaonesha watu ya wenzangu.

Mwalimu aliendelea kueleza kwa nini meusi yalisimama vizuri. Zile chembe, alisema, huudaka umeme unaotaka kukimbia ndani ya mafuta, zikauchelewesha, cheche ikakawia. Chuma kikubwa huwa daraja, hiki kidogo huwa kizuizi. Nilimsikia kwa mbali. Nilikuwa nimefungua daftari la miaka miwili, kidole kikishuka ukurasani. Kila palipoanguka palikuwa pa mvua. Miezi ya jua hapana hata pipa moja. Lilikuwa limeandikwa wazi na nimelisoma mara mia.

Kesho yake niliwakusanya wenzangu uani mwenyewe, pale pale, nikawaambia yaliyotokea: chupa, maji, mvua. Wengine waliguna. Askari wa getini akaondoka kabla sijamaliza. Mwenye karakana alikasirika kuliko siku zote, si kwa ajili ya yule mtu bali kwa ajili ya mapipa aliyochujisha bure, lakini mchujaji mpya alikuwa mvivu, kwa hiyo akakubali wa zamani arudi. Nikamwandikisha barua kwamba mtu yule hakuiba kitu. Alitia sahihi bila kuisoma.

Nilimpata Kongowea, sokoni, mchana wa mvua nyepesi. Alikuwa hamali. Mkokoteni wake ulikuwa umejaa magunia ya kabichi kutoka lori la bara, magurudumu yamezama matopeni, na yeye amekonda mabega. Aliponiona aliweka mikono ya mkokoteni chini.

"Shikamoo, mzee."

Afadhali angenitukana. Niliitikia marahaba, kisha nikamweleza yote, sikujipunguzia. Nikamwambia, "Nisamehe, ndugu yangu. Kosa ni langu mie, nawe nimekutoa kwako na kwa wanao." Alisikiliza hadi mwisho akipangusa matope kwenye vidole.

"Nilikuwa nakuona," alisema.

Sikuelewa. Akasema alizoea kufika mapema kuupasha moto mtambo, na kila asubuhi aliniona bombani na zile chupa. Mwanzoni hakujali. Masika ya pili akaanza kufikiri.

"Basi mbona hukusema siku ile uani?"

"Ningesema nini? Ningesema ni maji yako, ungesema mlevi anatukana dini yako. Na wote wangekuamini wewe."

Nilitafuta namna ya kukana. Ndiyo maneno hasa ambayo ningeyasema, nadhani hata bila kuvuta pumzi.

Nikampa barua. Aliisoma polepole, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati chini ya nailoni aliyojifunika mvua, akasema ataituma kwa mkewe ili awaoneshe wazee wa kwao. Nikamwambia mahali pake pako wazi, aanze hata Jumatatu, na chupa sasa ni za kioo cheupe, zinakaushwa kwa moto, mimi mwenyewe nimezinunua. Nilisema haraka, kama mtu anayeogopa mlango utafungwa. Nilitaka arudi kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule. Sijui kama nilimtaka kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Hamali mwenzake alipita akamwita, naye akamwashiria angoje.

"Nikuulize jambo moja, mzee. Nikirudi. Halafu masika yaje, chupa ziwe kavu kabisa, na mafuta yaanguke tena. Utamtazama nani kwanza?"

Nikafungua kinywa nimwapie. Wallahi ni neno ninalolitumia hata nikibishania bei ya samaki, halinigharimu kitu. Nilisimama pale na kinywa wazi, mvua ikiniingia, na neno lenyewe halikutoka.

Alinipa muda wa kutosha. Kisha akainama, akashika mikono ya mkokoteni wake, akaniomba kwa heshima nimpishe njia.